Ninakimbia alfajiri Maisara lakini kiuno hakipungui: nitazame mbio au chakula?

Mkaazi wa Kikwajuni ameuliza:

Assalaam aleikum, waungwana. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, kazi yangu ni ya ofisini, urefu wangu ni sentimita 171 na uzito wangu ni kilo 84. Tangu masika yalipokwisha nimejiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu. Baada ya sala ya alfajiri tunakutana katika uwanja wa Maisara, tunanyoosha viungo, kisha tunakimbia kuelekea Migombani na Mazizini na kurudi, mwendo wa kilomita tano hivi, siku nne kwa wiki. Faida nimeziona: ngazi za ofisini nazipanda bila kuhema, usingizi umetulia, na daktari ameridhika na shinikizo langu la damu. Hata hivyo uzito umeshuka kilo moja tu, na kiuno kimeganda kwenye sentimita 103.

Kwa upande wa chakula, sijioni kuwa ni mlaji wa kupindukia. Nikirudi mazoezini nakunywa chai ya maziwa na maandazi, pengine chapati. Mchana tunakula wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki na mboga. Usiku ni muhogo au ndizi za nazi, na siku ya Ijumaa pilau. Jioni nikikaa barazani, kahawa haikosi kashata. Nyumbani kwetu tunakula pamoja katika sinia moja, na sipendi kumtwika mke wangu kazi ya kupika vyungu viwili kwa ajili yangu peke yangu.

Wenzangu wa kikundi wananipa ushauri usiolingana. Wapo wanaotaka niongeze kilomita, wapo wanaosema niache wali kabisa, na mmoja ananihimiza nikimbie nimevaa koti la mpira ili nitoe jasho jingi. Naomba mwenye elimu ya jambo hili anieleze mafuta ya mwilini yanaondoka vipi hasa, na nianze kubadilisha nini.

Mwalimu wa Viungo, Amaan amejibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, mbio zinafanya kazi yake barabara, wala nisingependa uziache. Kilichobaki ni kuzipigia hesabu pamoja na chakula. Mtu anayekimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kwenda kasi au polepole hakubadilishi sana gharama ya kilomita moja. Wewe wa kilo 84 ukikimbia kilomita tano unatumia kalori 420 hivi, na kwa siku nne za wiki unapata karibu 1,700. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imehifadhi kalori zinazokaribia 7,700. Maana yake ni kwamba hata kama usingeongeza tonge moja juu ya ulichozoea kula, mbio hizo peke yake zingehitaji zaidi ya mwezi mzima kukuondolea kilo moja.

Sasa tuje kwenye kifungua kinywa. Andazi la nazi lililokaangwa lina kalori kama 150 hadi 200 kulingana na ukubwa wake, kijiko cha chai cha sukari kina 16, na chapati iliyopakwa mafuta kila ilipogeuzwa inaweza kupita 250. Mtu aliyerudi mbioni akala maandazi mawili na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari amekwisha kuyarudisha yote aliyoyatumia barabarani, na jua bado halijapanda. Kuyala maandazi hayo si kosa, lakini mbio haziwezi kuondoa mafuta ambayo mdomo unayarudisha ndani ya robo saa. Juu ya hilo, mwili uliofanya kazi alfajiri hudai malipo yake kimyakimya: njaa huongezeka, mkono hurefuka kidogo kwenye sinia, na mchana mtu hukaa zaidi kuliko alivyokuwa akikaa zamani bila mwenyewe kutambua.

Umeuliza mafuta yanaondokaje. Mafuta hayo yamo ndani ya seli zake maalumu chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni. Chakula kinachoingia kikiwa pungufu ya matumizi, mwili huyavunja na kuyatia katika damu, damu huyapeleka kwenye misuli na viungo vingine, na huko huunguzwa kwa msaada wa oksijeni. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walionyesha kwa hesabu za kikemia kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa zote, kilo 8.4 hutoka mwilini kwa njia ya pumzi zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 hubaki kuwa maji. Kwa hiyo mapafu ndiyo mlango mkuu wa kutokea mafuta. (Kuhema kwa makusudi bila kufanya kazi hakupunguzi kitu, maana kinachozalisha hewa hiyo ni mwili kuunguza chakula na akiba yake.)

Ushauri wangu ni kwamba uendelee na mbio hizohizo, upunguze kalori 400 hadi 500 za kila siku upande wa chakula, na usitarajie zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Wiki za mwanzo huenda uzito ukashuka haraka kuliko hivyo, kwa sababu wanga unaohifadhiwa katika ini na misuli hukaa pamoja na maji, na ukipungua maji nayo hutoka. Wengi huvunjika moyo pale kasi hiyo ya mwanzo inapokatika, ilhali mafuta yenyewe yanaendelea kupungua kwa mwendo wake.

Mkimbiaji wa Chwaka amejibu:

Mwalimu, heshima yako iko palepale, lakini naona mbio umezipunguzia thamani. Huku kwetu wapo wavuvi na vijana wa mpira wanaokula wali wa nazi kila siku iliyoingia, na hutamwona hata mmoja mwenye kitambi. Wanapiga kasia, wanavuta nyavu, na jioni wako uwanjani. Kina mama wanaolima mwani wanashinda wameinama ndani ya maji tangu maji yanapotoka hadi yanapojaa. Kwa maoni yangu ndugu yetu aongeze mwendo wake afike kilomita kumi, naye atakula atakacho.

Mwalimu wa Viungo, Amaan amejibu:

Hoja yako ina uzito, kaka, na wala sikatai kwamba mtu anayefanya kazi ya mwili kutwa hutumia nguvu nyingi kuliko sisi wa vitini. Hata hivyo uko utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, kwa upande wa Bara, ambao umenifanya niwe mwangalifu katika jambo hili. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Wahadza hutembea masafa marefu kila siku wakitafuta mizizi, asali na wanyama. Walipopimwa kwa njia ya maji maalumu yanayoonyesha nguvu zote zinazotumiwa na mwili kwa siku, ilionekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla yao haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoishi maisha ya mjini. Maelezo aliyoyatoa Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya kiasi cha ubanaji huo, lakini kwa mtu anayepanga kupunguza mafuta funzo lake ni zito: kuongeza kilomita maradufu hakuleti matokeo maradufu.

Zaidi ya hayo, magoti na mifupa ya miundi ya mtu wa miaka 43 mwenye kilo 84 hayapandishwi kutoka kilomita tano hadi kumi kwa pupa. Akitaka kuongeza, aongeze kidogo kidogo, na siku zisizo za mbio atembee kwa haraka. Mbio nazitetea kwa sababu nyingine: hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo, hata pale mizani inaposogea kwa shida, na watu waliokwisha kupungua hufaulu zaidi kubaki hivyo wakiendelea na mazoezi.

Mama wa Jikoni, Wete amejibu:

Mwanangu wa Kikwajuni, nimefurahi kwamba unamfikiria mkeo. Basi nakwambia hakuna haja ya chungu cha pili, kwani dawa yako imo ndani ya chungu hichohicho, na nyumba nzima itafaidika nayo.

Anza na nazi. Nazi moja ya wastani ina nyama inayokaribia gramu 400, na ndani yake mna kalori kama 1,400, nyingi zikitokana na mafuta. Machicha hubaki na sehemu yake, lakini sehemu kubwa inaingia kwenye tui. Tazama sasa mpangilio wa siku yako ulivyoueleza: maandazi ya nazi asubuhi, wali wa nazi mchana, na sina shaka mchuzi wake nao umetiwa tui, kisha usiku muhogo wa nazi, na kashata jioni nayo ni nazi na sukari. Hiyo ni nazi tangu alfajiri hadi kulala. Mimi sikuambii uiache, maana sisi wa visiwani chakula bila nazi hakitulizi moyo. Nakuambia iingie mara moja kwa siku. Siku ya wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma au wa chukuchuku, aliyechemshwa kwa ndimu, chumvi, pilipili na bizari, asiyehitaji hata tone la mafuta. Siku mnayotamani mchuzi wa nazi wa pweza au wa papa, wali uwe mweupe. Na mkeo anapokamua, chakula kiivishwe kwa tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu, halafu tui zito litiwe kiasi cha kikombe kidogo tu mwishoni. Ladha hubaki kwa sababu ulimi hukutana na lile la juu.

Jambo la pili ni mafuta ya kukaangia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi, kina kalori 120 hivi, yaani zaidi ya kilomita moja ya mbio zako. Jikoni kwetu watu humimina kutoka kwenye dumu kwa jicho, na jicho la mpishi lina ukarimu. Mwombe mkeo awe anapima kwa kijiko, vijiko viwili kwa mchuzi wa nyumba nzima, na kitunguu kikianza kushika sufuria aongeze maji kidogo badala ya mafuta. Kwa maandazi sina njia ya kuyapunguza, maana kukaanga ndiko kunakoyafanya yawe maandazi. Basi yawe ya siku moja au mbili za wiki. Asubuhi nyingine kula mkate wa mofa, au majimbi na muhogo wa kuchemsha, pamoja na yai au samaki aliyebaki usiku. Chai ya maziwa endelea nayo, lakini sukari ishuke kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa hatua. Ulimi huzoea katika wiki chache, na chai yenye iliki na mchaichai inajitosheleza.

Nakutahadharisha na jambo moja ambalo watu hulirudia bila kulichunguza. Utaambiwa uache wali ule muhogo kwa kuwa ni chakula cha asili. Muhogo uliochemshwa una kalori kama 160 katika gramu 100, na wali mweupe uliopikwa una 130 hivi. Kubadilisha kimoja kwa kingine hakukupunguzii kitu kama sahani imejaa vilevile. Wali haukukosea, kiasi chake na tui lake ndivyo vya kutazamwa.

Halafu kuna sinia. Mimi nimelelewa kwenye sinia na nimewalea watoto wangu humo, na ninajua kwamba mtu hawezi kujua amekula kiasi gani, kwani hakuna sahani yake ya kuitazama ikipungua, na mwenyeji humsogezea kila mtu mbele yake. Kula na wenzako, lakini fanya hivi: wali upakuliwe kwa upawa unaojulikana, upawa mmoja na nusu kwa kila mtu mzima, katikati pawekwe bakuli kubwa la mchicha, matembele au bamia na jingine la kachumbari, wewe anza na samaki na mboga, wali uje baadaye, na ukishiba unawe mikono ukae pembeni ukizungumza nao. Matunda yaliwe mazima, embe, chungwa au papai, yasisagwe yakatiwa sukari. Pilau ya Ijumaa usiiguse mpangilio wake. Ile ni haki ya nyumba.

Muuguzi wa Chake Chake amejibu:

Naomba niyaseme yanayohusu usalama, kwa sababu lile koti la mpira limenitia wasiwasi.

Jasho ni maji na chumvi. Ukitoa lita moja ya jasho mizani itashuka kilo moja, na ukinywa maji itarudi, kwa kuwa mafuta hayakuguswa. Katika hewa yetu yenye unyevu, jasho hukauka kwa shida hata kwa mtu aliyevaa fulana nyepesi. Ukilizuia kwa mpira, mwili unakosa njia ya kupoa, joto la ndani hupanda, na mtu anaweza kuanguka kwa kiharusi cha joto, ambacho huua. Hatari huwa kubwa zaidi miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi. Kimbieni mapema, vaeni nguo nyepesi, na mtu akianza kuhisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi katikati ya joto, asimame hapohapo, apelekwe kivulini, amwagiwe maji na apepewe, na msaada wa hospitali utafutwe mara moja.

Sentimita 103 kwa mwanamume ni juu ya 102, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa hatari yake ya kisukari na maradhi ya moyo imeongezeka sana. Hata 94 huanza kuangaliwa. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani, asubuhi kabla ya kula, mara moja kila wiki mbili. Kupungua asilimia 5 ya uzito wako, kiasi cha kilo nne, kunatosha kuleta nafuu inayoonekana katika sukari na shinikizo la damu. Na usihangaike na mazoezi ya tumbo kwa nia ya kukiondoa kitambi peke yake: mwaka 1971 wachezaji wa tenisi walipimwa mikono yao yote miwili, na mafuta ya chini ya ngozi katika mkono uliokuwa ukipiga mpira hayakuwa machache kuliko ya mkono mwingine, ingawa kazi zao hazikulingana hata kidogo.

Usijinyime chakula kupita kiasi. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapa vijana 36 waliojitolea chakula cha karibu nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini walipoteza pia misuli na nguvu, wakawa wanyonge na wenye hasira, na mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula. Ili unachopoteza kiwe mafuta na si misuli, kila mlo uwe na samaki, dagaa, pweza, mayai, kunde au choroko, na siku mbili za wiki ufanye mazoezi ya nguvu, kama kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, au kubeba madumu ya maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kwa mazoezi makali, pamoja na hayo ya nguvu.

Kwa wasomaji wengine wenye kisukari: anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi asianze mbio wala asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka ghafla, naye yuko peke yake barabarani alfajiri.

Mkaazi wa Kikwajuni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mke wangu maneno ya mama wa Wete, naye amekubali kwa moyo mkunjufu. Ameanza na kijiko cha mafuta, na leo samaki alikuwa wa chukuchuku. Koti la mpira nimeliacha na mwenzangu nimemwonya. Linalobaki ni Ramadhani. Kikundi chetu huvunjika kila mwaka ukiingia mwezi mtukufu, na nahofia yote nitakayoyajenga yatabomoka. Je, nikimbie kabla ya futari au baada ya tarawehe?

Mwalimu wa Viungo, Amaan amejibu:

Zote mbili zinafaa, ndugu yangu. Kabla ya magharibi tembea kwa haraka au kimbia polepole kwa nusu saa, ili adhana ikukute karibu na maji. Usifanye mazoezi makali saa hiyo, maana hujanywa kitu tangu daku. Ukitaka kukimbia kwa nguvu, ngoja baada ya tarawehe ukiwa umekwisha kunywa maji ya kutosha. Kukimbia ukiwa umefunga hufanya mwili utumie mafuta zaidi wakati ule wa mbio, ila hesabu ya saa 24 inabaki kuwa ileile, kwa hiyo usiyape matumaini makubwa.

Wengi wetu hunenepa Ramadhani kwa sababu ya futari yenyewe. Katika meza moja utakuta muhogo wa nazi, ndizi za nazi, boga la nazi, sambusa, katlesi, kaimati zilizolowa shira, na sharubati. Fungua kwa tende, na ujue kwamba tende moja kubwa ina kalori kama 60 na ndogo 20 hivi, kisha maji na uji usio na sukari nyingi, usali, halafu ule mlo mmoja kamili wenye samaki na mboga. Vya kukaanga chagua kimoja kwa usiku mmoja. Daku iwe na yai au kunde ili njaa isikusumbue mchana.

Andika kiuno chako cha leo. Ikipita miezi miwili na hakijashuka hata sentimita mbili, andika kila unachokula na kunywa kwa wiki moja, pamoja na cha barazani, ukilete hapa tukitazame kimoja kimoja.